Ufa, Chokaa na Udongo wa Ulaya

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeimbishwa tangu shule ya msingi. Tukaiandikia insha, tukapewa alama nzuri na walimu waliokaa chini ya kuta zenye nyufa za kuingiza kidole. Ila hakuna aliyetuuliza swali ambalo fundi yeyote angeanza nalo: huo ufa tuuzibe kwa kitu gani? Methali imenyamaza. Inakuhimiza uziba tu, basi, kana kwamba kila kinachoingia kwenye tundu kinafaa kukaa humo.

Ndugu msomaji, makala haya yanalifuata swali hilo moja. Mimi si mwashi na sikufundishi kushika mwiko. Nataka tutazame watu wamejaza nini kwenye nyufa za kuta zao, na walichagua vipi. Usidhani ni historia ndogo. Ndani yake wamo wafalme, yumo mshairi mmoja wa Kiingereza, yumo Mwalimu Nyerere, na wamo watu wawili waliokufa Zanzibar siku ya Krismasi ya mwaka 2020.

Kwanza ufa wenyewe. Ukuta wa matofali haupasuki ovyo. Ufa unaopanda kama ngazi, ukifuata mishono kati ya tofali na tofali, unasema kwamba msingi umetitia upande mmoja, na kwamba udongo wa kwenye mishono umekubali kuachia ili matofali yabaki mazima. Ufa unaokwenda wima na kukata matofali katikati unasema jambo jingine: mshono ni mgumu kuliko tofali. Ufa unaoanzia kwenye pembe ya dirisha mara nyingi unalalamikia lenta. Halafu kuna ule unaopanuka kiangazi na kujifunga masika. Huo wanaujua sana watu wanaoishi kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Mwenye nyumba akiujaza ufa wa namna hiyo kwa kitu kigumu wakati wa jua kali, mvua ikija ardhi inavimba, ukuta unataka kurudi mahali pake, unakuta pameshakaliwa. Unafanyaje? Unapasuka pembeni. Mwenye nyumba anasema fundi kamwibia simenti.

Kwa hiyo wazee wa kazi hii huusoma ufa kabla ya kuugusa. Wanauliza maji yanatoka wapi, uzito unaelekea wapi, mti gani uko karibu. Sisi wengine tunaufunika kwa lipu halafu tunapaka rangi, wageni wasije wakaona.

Ukitaka kuona ukuta wa matofali uliopasuka, ukazibwa, ukapasuka tena, kwa karibu miaka 1,500, upo Istanbul, Uturuki. Ni jengo la Hagia Sophia, lililoanza kama kanisa, likawa msikiti mwaka 1453, likafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1935, likarudishwa kuwa msikiti mwaka 2020. Mfalme Justinian alilijenga kwa miaka mitano tu, kuanzia 532 hadi 537, na kwa jengo la ukubwa ule miaka mitano ni haraka ya kutisha. Kuba lake lina upana wa mita 31 hivi. Limejengwa kwa matofali, na mishono yake ya chokaa ni minene kama matofali yenyewe, pengine kuzidi. Chokaa ya unene huo haikauki leo wala kesho. Kuta zilianza kuegemea nje wakati kazi ingali inaendelea. Yakaja matetemeko ya ardhi mwaka 553 na 557, nyufa zikafunguka, na mwezi Mei 558 kuba likaanguka.

Sasa angalia walichofanya. Kazi alipewa Isidore Mdogo, ndugu wa mmoja wa wasanifu wa kwanza. Hakulirudishia kuba lile lile mahali pale pale. Aliliinua kama mita sita zaidi, kwa sababu kuba lililo bapa husukuma kuta nje kuliko kuba lililosimama. Yaani alijiuliza kwanza ni nani anausukuma ukuta huu. Mwaka 989 tetemeko jingine likabomoa upande wa magharibi, akaitwa Trdat, msanifu Mwarmenia, na jengo likafunguliwa tena mwaka 994. Mwaka 1346 upande wa mashariki nao ukaporomoka, ukajengwa. Katika karne ya 16, enzi za Waturuki, Sinan akaongeza mihimili mikubwa ya nje. Kati ya 1847 na 1849, Sultani Abdülmecid akawaleta ndugu wawili wa familia ya Fossati, wakalifunga kuba kwa mnyororo wa chuma. Zaidi ya miaka elfu moja ya kuziba ufa, bwana, na hakuna aliyesema sasa tumemaliza.

Kuna jambo dogo la pale ambalo mimi limenikaa kichwani kuliko majina yote ya wasanifu. Chokaa ya Hagia Sophia ilichanganywa na matofali yaliyopondwa. Vumbi la tofali lililochomwa likikutana na chokaa huifanya igande vizuri hata penye unyevu, na iwe imara bila ya kuwa ngumu kama chuma. Warumi walilijua hilo zamani. Wahindi nao wanalijua, na vumbi lao wanaliita surkhi. Tofali lililovunjika halitupwi jalalani, linasagwa na kurudi ukutani kama dawa ya wenzake.

Na hiyo chokaa ni kitu gani hasa? Unachukua jiwe la chokaa, au matumbawe ya baharini kama walivyofanya wazee wetu wa pwani, unalichoma kwenye tanuu mpaka joto la nyuzi 900 hivi. Hewa ya ukaa iliyokuwa ndani ya jiwe inatoka. Kinachobaki ni kikali, kinachoma ngozi. Unakimwagia maji, kinachemka chenyewe bila moto, halafu kinatulia. Hapo mafundi husema chokaa imezimwa. Ikiachwa ndani ya shimo kwa miezi inazidi kulainika na kuwa nzuri. Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba sheria za zamani za ujenzi zilikataza kutumia chokaa isiyofikisha miaka mitatu. Ukishaipaka ukutani inaanza safari ya kurudi: pole pole inavuta tena hewa ya ukaa, na baada ya muda mrefu inakuwa jiwe kama mwanzo. Pole pole ndiyo neno lenyewe. Kwa kuwa haiwi ngumu kwa siku moja, ukuta unaweza kujinyoosha kidogo bila ya kukatika. Ufa mwembamba ukitokea, maji ya mvua huyeyusha chembe za chokaa na kuzigandisha tena ndani ya ufa ule ule. Mwaka 2023 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani na wenzao walichapisha jaribio lao: walitengeneza zege kwa njia waliyoamini ni ya Kirumi, yenye vipande vyeupe vya chokaa ndani, wakalipasua, wakapitisha maji. Katika wiki mbili ufa ulikuwa umejifunga. Zege la kawaida lililowekwa kando kulinganisha halikujifunga.

Basi, tarehe 21 Oktoba 1824, mwashi mmoja wa matofali wa mji wa Leeds, Uingereza, aitwaye Joseph Aspdin, akapewa hataza ya unga alioupata kwa kuchoma chokaa pamoja na udongo wa mfinyanzi. Akauita saruji ya Portland, kwa madai kwamba ikikauka inafanana na jiwe la Portland, jiwe la kifahari lililojenga majumba makubwa ya London. Ona ujanja wa biashara. Hata kwao huko, saruji ilianza kuuzwa kwa jina la kitu chenye hadhi kuliko yenyewe.

Nisieleweke vibaya, saruji si mchawi. Mwaka 1858 London ilinuka kinyesi mpaka wabunge wakashindwa kukaa bungeni, maana mto Thames ulikuwa umegeuka choo. Mhandisi Joseph Bazalgette alianza mwaka 1859 kujenga mifereji ya chini ya ardhi kwa matofali kama milioni 318, na penye maji mengi akatumia saruji ya Portland, shehena baada ya shehena ikipimwa nguvu kabla ya kukubaliwa. Mifereji ile inafanya kazi hadi leo. Chini ya maji, kwenye kazi mpya, kwa matofali magumu yaliyochaguliwa kwa ajili hiyo, saruji ilikuwa jibu sahihi.

Matatizo yalianza saruji ilipozoeleka. Katika karne ya 20 Waingereza waliacha chokaa, wakazirudia nyumba zao za zamani, wakakwangua mishono iliyochakaa na kuijaza saruji. Nyumba zikapendeza. Baada ya miaka kadhaa nyuso za matofali zikaanza kubanduka kama magamba. Sababu inaeleweka. Ukuta wa zamani unakunywa maji na kuyatoa, na mlango wa kutokea ni ule mshono laini. Ukiuziba kwa saruji, maji yanatafuta mlango mwingine, nao ni tofali lenyewe. Baridi ikigandisha maji hayo, au chumvi ikiganda ndani yake, uso wa tofali unasukumwa nje. Mshono unabaki umesimama, mzima kabisa, na tofali limeliwa. Dawa imepona, mgonjwa amekufa.

Mtu aliyewahi kupiga kelele mapema juu ya majengo ya zamani kuharibiwa na watengenezaji wake alikuwa mshairi. William Morris, mwaka 1877, alianzisha na wenzake chama cha kulinda majengo ya kale. Hoja yao ilikuwa tuache kuyafanya majengo ya kale yaonekane mapya, tuyatunze kidogo kidogo, siku kwa siku, ili yasifike mahali pa kubomoka. Ukisikiliza vizuri ni methali yetu ya ufa na ukuta, imevaa koti la Kiingereza. Chama hicho kipo mpaka leo na kinafundisha mafundi kazi ya chokaa. Nawaambia vijana wenzangu mnaoandika mashairi, msione haya kujishughulisha na kuta.

Turudi nyumbani. Jina la udongo wa Ulaya sikulitunga mimi. Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwalaumu Watanzania kwa ulevi wa saruji na bati. Alisema saruji kwa asili ni udongo tu, ila ni udongo wa Ulaya, na kwa sababu hiyo watu wanakataa kujenga kwa matofali ya kuchoma na vigae, wanakaa kungoja mfuko wa simenti na bati. Aliuita ugonjwa wa akili kupooza. Kiwanda cha Wazo Hill, nje kidogo ya Dar es Salaam, kilikuwa kimeanza kutoa saruji tangu 1966, lakini bado ilikuwa bidhaa adimu, na miaka iliyofuata ikawa ya kutafutwa kwa vibali na kujuana.

Mimi naona Mwalimu alipata nusu. Kweli kulikuwa na kasumba. Lakini kasumba haikuota yenyewe kama uyoga. Wajerumani walipoweka kanuni za ujenzi za Dar es Salaam mwaka 1891, upande wa Wazungu ulitakiwa uwe na nyumba za mtindo wa Ulaya, na vibanda vya udongo na makuti vikasukumiwa kando. Waingereza nao wakaendelea na mpango huo wa uzunguni, uhindini na uswahilini. Kizazi baada ya kizazi mtu alifundishwa kwamba udongo ni makazi ya muda, na kwamba mwenye haki ya kukaa mjini ni mwenye ukuta usioyeyuka. Mtu wa hivyo akipata mfuko mmoja wa simenti, hawezi kuuona kama unga wa kushikia matofali. Kwake ni cheti.

Ndiyo maana ukipita Iringa, Mbeya au Songea, kwenye nyumba nyingi za matofali ya kuchoma, utakuta ukuta umejengwa kwa udongo ndani, kisha nje mishono imepakwa simenti. Tofali limefinyangwa pale pale kijijini, likaanikwa, likapangwa tanuri na kuchomwa kwa kuni siku kadhaa. Ni kazi ya kujivunia. Udongo wa mishono umetoka kwenye shimo lile lile lililotoa tofali, na kwa kweli wanaelewana kama ndugu. Halafu inakuja ile ganda ya nje ya simenti, unene wa kidole, kwa ajili ya macho ya wapita njia. Mvua ikipata upenyo juu, kwenye pembe ya bati, inaosha udongo wa ndani kimya kimya. Ganda limesimama, ndani mtupu. Siku ufa ukitokea, wanauongezea simenti.

Mjini hatuna nafuu. Mtaani kwetu yupo baba mwenye nyumba mmoja, simtaji jina kwa sababu kodi haijaisha, ambaye kila mpangaji akihama anaita kijana mwenye karai. Kijana anapiga simenti kwenye ufa wa chumba, anapaka rangi nyeupe, mpangaji mpya anaingia chumba kikinukia upya. Masika ya kwanza ufa unarudi, tena umezaa. Bomba la choo cha uani linavuja chini ya msingi ule kwa miaka yote hiyo, na kila mtu pale anajua, kuanzia bibi anayeuza vitumbua. Lakini bomba liko chini, mpangaji haangalii chini akija kukagua chumba.

Mahali udongo wa Ulaya ulipokutana uso kwa uso na ukuta mkongwe ni Mji Mkongwe wa Zanzibar. Hapo si matofali tena, ni mawe ya matumbawe, lakini kanuni ni ile ile: kitu laini kimeshikwa na chokaa laini. Kuta ni nene, nusu mita na zaidi, zimejaa mawe madogo, chokaa na udongo mwekundu. Sakafu na dari zinabebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haivuki mbali, vyumba vingi ni virefu na vyembamba, upana wake mita tatu au pungufu. Nyumba hizi zimeegemeana kama watu kwenye daladala. Ukimtoa mmoja, wengine wanayumba.

Ukuta wa aina hii adui yake mkubwa ni maji. Paa likivuja, boriti inaoza pale ncha yake inapoingia ukutani, mahali ambapo hakuna anayepaona. Boriti ikioza inaacha kuushika ukuta, nao unaanza kutoka nje, na ufa unashuka kuanzia juu. Wenye nyumba wa zamani walikuwa na desturi ya kupaka chokaa na kukagua paa kila mwaka au karibu yake. Mapinduzi ya 1964 yalipokuja, wengi wa wenye nyumba waliondoka, nyumba nyingi zikataifishwa, wakaingizwa watu waliokuwa hawana makazi. Ilikuwa haki kwao kupata dari juu ya vichwa vyao, sibishi. Ila kodi ilikuwa ndogo mno kulipia matengenezo, familia nyingi zikajazana nyumba moja, mabomba na vyoo vikaongezwa kwenye kuta zilizojengwa bila kuvitegemea, na lile zoezi la chokaa la kila mwaka likafa. Pale ufa ulipotisha, ukazibwa kwa kilichokuwapo dukani. Saruji.

Kando ya bahari saruji ina ubaya wa ziada. Matumbawe yametoka baharini na chumvi yake. Unyevu unaipandisha chumvi ile kutoka chini kuja juu, na ukuta wa chokaa unaitoa nje, ikawa ule unga mweupe tunaoufagia. Ukipiga lipu ya saruji juu yake, chumvi inaganda nyuma ya lipu, inasukuma, na lipu inatoka mabamba mazima ikiwa imeng'ang'ania jiwe. Mtu anadhani lipu haikushika. Ilishika sana, hilo ndilo kosa lake.

Mwaka 1985 Serikali ya Zanzibar iliunda mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza Mji Mkongwe, na mwaka 2000 UNESCO ikauweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Katika miaka ya 1990 mfuko wa utamaduni wa Aga Khan ulilitengeneza jengo la zahanati ya zamani la Tharia Topan pale mbele ya bandari, na mafundi wa Zanzibar wakafunzwa upya kazi ambazo babu zao walizijua: chokaa, uchongaji wa mbao, urembo wa lipu. Nalitaja kwa sababu ni mfano ulio hai. Lilikuwa limechakaa vibaya, na limesimama.

Jirani yake hakubahatika. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, lilijengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883. Lilikuwa jengo refu kuliko yote pale mjini, lenye baraza za kuzunguka na nguzo nyembamba za chuma, na ndilo lililowashwa taa za umeme kabla ya mengine Zanzibar. Ndani yake palichanganywa vitu viwili vya dunia mbili: matumbawe na chokaa ya pwani yetu, pamoja na chuma kilichotoka viwandani ng'ambo. Chuma na chokaa havipanuki sawasawa, na chuma kikipata kutu kinavimba na kupasua kilichokizunguka. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za kivita za Waingereza zililipiga mabomu eneo la kasri kwa muda usiozidi dakika 40 hivi. Majumba ya jirani yakaharibiwa, mnara uliokuwa mbele ukavunjika. Jumba la Maajabu likabaki, na wakati wa kulitengeneza likaongezewa mnara wa saa kwenye uso wake. Mzigo mpya juu ya ukuta uliotoka kutikiswa.

Likawa ofisi za serikali ya kikoloni, likawa la chama baada ya Mapinduzi, likawa makumbusho. Mwaka 2012 sehemu ya baraza ikaanguka, na jumba likafungwa kwa wageni. Fedha za matengenezo zikapatikana kutoka Oman, kazi ikaanza. Mchana wa tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, upande wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walikufa.

Watu wakasikitikia jumba, picha zikasambaa, kila mmoja akakumbuka siku aliyopiga picha pale. Mimi naona tuanze na hao wawili. Jumba lilianguka likiwa mikononi mwa watengenezaji, baada ya miaka mingi ya kuachwa, na ukuta ulioachwa muda mrefu haukubali kuguswa kama ukuta mwingine. Uzito wake umeshajitafutia njia zake za kificho, umeegemea pale na pale, na fundi anayeingia siku hiyo ndiye anayesimama chini yake. Ukiahirisha ufa, gharama hailipwi na aliyeahirisha.

Najua mtakaloniuliza. Kama chokaa ni nzuri hivyo, mbona hatuitumii? Jibu halina siri. Mfuko wa kilo 50 wa simenti uko kwenye kila kona, unachanganya asubuhi, jioni umemaliza, kesho umelipwa. Chokaa nzuri inataka shimo, maji na miezi ya kusubiri, na inataka fundi anayerudi kuunyunyizia ukuta maji usikauke haraka. Nani atamlipa kwa kurudi? Tena tanuu ya kienyeji inakula magogo mengi na matumbawe, kwa hiyo hata huko hatuwezi kurudi kichwa kichwa. Na kama nyumba yako ni ya matofali ya simenti kuanzia msingi, usije ukaitia chokaa kwa sababu umesoma gazeti letu. Itengeneze kwa simenti, ila angalia bomba kwanza.

Kwa ukuta wa matofali ya zamani kazi inakwenda hivi. Fundi anatafuta maji yanapotoka na kuyazuia. Anasubiri ukuta ukauke, hata msimu mzima. Anakwangua mshono kwa tindo nyembamba, si kwa mashine, mpaka afike penye uzima, na tofali lililokatika analitoa na kuweka jingine la ugumu ule ule. Analowanisha. Anashindilia chokaa na mchanga, na vumbi la tofali kama analo, tabaka kwa tabaka, asijaze kwa mara moja. Anafunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Ikishashika, anagandisha kipande cha kioo chembamba kikivuka pale ufa ulipokuwa, ncha huku na ncha huku, na pembeni anaandika tarehe kwa penseli. Anaondoka. Masika yakipita anarudi kutazama. Kioo kikiwa kizima, amepata kazi yake. Kikiwa kimekatika, anaisoma ile tarehe, anahesabu miezi, kisha anachukua jembe na kwenda nyuma ya nyumba kuchimba chini ya msingi.